Kizimbani Bila Wakili

Tanzania Bara, mtu akishtakiwa kwa mauaji, mahakama humpangia wakili na serikali humlipa wakili huyo, hata kama ndugu wa mshtakiwa hawana nauli ya kuja kusikiliza kesi. Akishtakiwa kwa kubaka, kosa ambalo adhabu yake kwa mtu mzima haishuki chini ya miaka 30 na huweza kufika kifungo cha maisha, mara nyingi sana husimama kizimbani peke yake. Shahidi akimaliza kueleza, hakimu humgeukia mshtakiwa na kumuuliza kama ana maswali. Shahidi huyo aweza kuwa mtoto wa darasa la pili.

Nimefanya uwakili wa kujitegemea Kanda ya Ziwa kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na nimezoea watu kunitazama kwa jicho la pembeni. "Mbakaji anataka wakili wa nini, mwanangu?" aliniuliza shangazi siku aliposikia nimechukua kesi ya namna hiyo. Shangazi ni mama wa kanisa, mtu asiyeweza kumpita mtoto anayelia njiani bila kumuuliza ni wa nani na analilia nini. Nilimwambia, "Shangazi, tusubiri kwanza mahakama iseme kama ni mbakaji." Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Na wewe una binti." Ninaye. Sikuwahi kuona kwamba kuwa na binti kunanizuia kufanya kazi hii, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mimi na shangazi tunataka kitu kilekile.

Makosa haya husikilizwa faragha, ndivyo sheria inavyotaka, kwa hiyo watu wa nje hawaoni kinachotokea mle ndani. Mimi mwenyewe nilianza kuyajua kwa kusoma. Nilipokuwa wakili mchanga katika ofisi ya wakili mkubwa, kazi yangu ilikuwa kupitia mwenendo wa kesi uliochapwa na kutafuta sababu za rufaa. Jalada la kwanza la ubakaji nililokabidhiwa lilimhusu baba wa kambo na mtoto wa miaka minane. (Katika haya yote nimebadilisha mambo madogo ili wahusika wasitambulike.) Mtu yule hakuwa na wakili. Na desturi ya mahakama zetu ni kwamba hakimu, ambaye huandika kwa mkono wake huku shahidi akizungumza, haandiki maswali ya dodoso. Huandika majibu tu. Basi ukurasa ule ulikuwa na maneno ya mtoto peke yake, yamefuatana bila pumzi. Nakufahamu. Wewe ni baba. Ulikuwa unaninunulia maandazi. Sikumwambia mama kwa sababu ulisema utanichinja. Bibi hakunifundisha. Sijasahau. Mtoto alisema hayo kwa Kiswahili, hakimu akayaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ilikuwa kabla ya sheria ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mimi nikayasoma nikiyarudisha Kiswahili kichwani. Kila jibu lilinilazimisha kulitafuta swali lake. Na kila swali lilikuwa limetoka kinywani mwa mtu yuleyule ambaye mtoto alisema ndiye aliyemfanyia.

Rufaa ile ilitupwa, na kwa maoni yangu ilistahili kutupwa. Ushahidi wa mtoto ulisimama. Lakini tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba mshtakiwa wa ubakaji hastahili wakili, namuuliza: je, ungependa nani amhoji mtoto? Maana kuhojiwa atahojiwa. Hakuna mahakama ya haki inayoweza kumfunga mtu maisha bila kumpa nafasi ya kuuliza. Kilichobaki kuamua ni kama atahojiwa na mgeni aliyefundishwa kazi, anayefungwa na miiko, na ambaye hakimu anaweza kumkemea na kumripoti, au atahojiwa na huyo anayemwogopa.

Sheria yenyewe naiunga mkono. Kabla ya 1998, mwanamke aliyelalamika kubakwa alikuwa na safari ndefu, kwani mahakama zilizoea kutafuta ushahidi mwingine wa kuliunga mkono neno lake, utadhani watu hubakwa sokoni mchana mbele ya mashahidi. Wanawake walipiga kelele, chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, kikiwa mstari wa mbele, na Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Kanuni ya Adhabu ikabadilishwa: msichana wa chini ya miaka 18, ridhaa yake si utetezi, wa chini ya miaka 10, adhabu ni maisha. Sheria ya Ushahidi nayo ikaruhusu mahakama kutia hatiani kwa neno la mwathirika peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu. Mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ikasema wazi kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Ni sawa kabisa. Nani mwingine alikuwapo?

Lakini neno la mtu mmoja likitosha kumpeleka mwingine gerezani mpaka azeeke, basi neno hilo lazima lipimwe sawasawa, na lipimwe palepale linaposemwa. Mahakama ya Rufani imeweka vigezo vyake, na ni vizuri. Katika shauri la Marwa Wangiti la 2002 ilisema kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi. Kwa mtoto kigezo hicho kinahitaji busara, kwa sababu mtoto aliyetishiwa hukaa kimya, na kukaa kimya kwake kuna maelezo. Mshtakiwa aliyetoka mahabusu, aliyeishia la saba, ambaye hajawahi kuiona hati ya maelezo ya mlalamikaji, atajuaje cha kuuliza hapo? Nimesoma majalada ambamo dodoso lote la mshtakiwa ni swali moja, na jibu la shahidi ni: "Sina ugomvi na wewe." Nimesoma mengine ambamo hakimu ameandika tu kwamba mshtakiwa hana swali. Kijana mmoja alikuwa kambi ya dagaa visiwani juma lote lililotajwa katika hati ya mashtaka, na wenzake wa mtumbwi walikuwa tayari kuja kusema hivyo. Hakuna aliyemwambia kwamba utetezi wa kutokuwapo eneo la tukio unatakiwa kutolewa taarifa mapema. Alilisema jambo hilo siku ya kujitetea, na mahakama, kama sheria inavyoiruhusu, haikulipa uzito.

Kuna kesi moja niliyoishinda ambayo bado inanikaa rohoni. Ilikuwa rufaa Mahakama Kuu, msichana aliyetajwa kuwa na miaka 14. Shtaka lilikuwa la kumbaka msichana wa chini ya miaka 18, kwa hiyo umri ndio uliokuwa mhimili wa kesi nzima. Nilisoma mwenendo mara ya kwanza sikuuona umri. Nikasoma tena kwa rula, mstari kwa mstari. Umri ulikuwa umeandikwa kwenye hati ya mashtaka na kwenye utangulizi ambapo hakimu hujaza jina, kabila na dini ya shahidi. Katika ushahidi wenyewe hapakuwa na mtu aliyeutamka. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba umri unaweza kuthibitishwa na mwathirika mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari au cheti cha kuzaliwa, yaani mlango uko wazi kwa kila mtu, na hapo hakuna aliyeingia. Tena PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa hospitali, ilipokelewa bila mshtakiwa kuambiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Kifungu kinachompa haki hiyo tulikijua kwa namba, 240(3), jinsi kilivyokuwa kinavunjwa mara kwa mara. Nikaziandika hoja zangu. Jaji akaiondoa PF3, akaona umri haukuthibitishwa, akamwachia huru mrufani.

Mama wa msichana alikuwa kwenye korido. Alinifuata, hakuwa na hasira, alitaka kuelewa. "Wakili, ina maana wanasema hawajui umri wa mwanangu?" Nikamweleza kwa kadiri nilivyoweza. Akasema, "Mimi nilisimama pale. Waliniuliza rangi ya gauni. Waliniuliza nilirudi sokoni saa ngapi. Nimemzaa mimi. Wangeniuliza, ningewaambia hata siku aliyozaliwa ilikuwa Jumanne." Na ilikuwa kweli, ushahidi wake wote nilikuwa nao mkobani. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia pole, mama, na pole ile ilikuwa ya dhati. Kesi haikuweza kurudishwa isikilizwe upya, kwa kuwa tangu uamuzi wa Fatehali Manji wa 1966 mahakama zetu hazirudishi kesi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo yake wenyewe. Yule mtu alirudi mtaani kwake, na mtaa wake ulikuwa mtaa wa mama huyo pia.

Watu wakisikia kisa hiki husema: unaona, mawakili wanawatoa wabakaji kwa vijisababu. Mimi nakisoma kinyume. Kesi ile ilisikilizwa mahakama ya chini bila wakili wa utetezi hata siku moja, na ndiyo maana iliharibika kimyakimya. Mwendesha mashtaka asiyekuwa na mtu wa kumkabili hulegea. Hakuna anayenyanyuka kupinga fomu, hivyo hakumbuki kumwita daktari. Pangekuwapo wakili, angepinga PF3 siku hiyohiyo, na daktari angeitwa wiki iliyofuata aje mwenyewe. Kasoro inayokuja kuonekana miaka mitano baadaye, mshtakiwa akiwa gerezani na msichana keshakuwa mtu mzima, haina dawa. Kwa miaka kadhaa hali ilikuwa hivyohivyo kwa mashahidi watoto wasiozidi miaka 14: marekebisho ya 2016 yalimtaka mtoto aahidi kusema kweli kabla ya kutoa ushahidi bila kiapo, mahakimu wakasahau kuiandika ahadi hiyo, na hukumu zikavunjwa. Dakika mbili za maswali mepesi mwanzoni zingetosha. Aliyeumia zaidi kwa kusahau huko alikuwa mtoto.

Nimewatetea pia watu wa aina nyingine kabisa, ambao shangazi hawafikirii anapotamka neno "mbakaji". Kijana mmoja fundi baiskeli alikuwa na mpenzi wa sekondari. Walipendana kama vijana wanavyopendana, msichana akapata mimba, baba yake akaenda polisi. Hati ya mashtaka ilimwandika kijana kuwa na miaka 20. Mama yake, mwanamke mkulima mwenye kanga iliyochujuka rangi, alikuja ofisini akasema mwanawe hakuwa na miaka hiyo, aliyekisia ni polisi. Cheti cha kuzaliwa hakikuwapo, kadi ya kliniki ililiwa na mchwa. Nikamuuliza mwanawe alibatizwa wapi.

Tulikwenda parokiani naye. Katibu wa parokia alitoa daftari kubwa la ubatizo, jalada la kitambaa cha bluu, wino umefifia, akateremsha kidole ukurasa baada ya ukurasa huku mama akitaja majina ya waliobatizwa siku moja na mwanawe: huyu alikufa, huyu yuko Geita. Kidole kikasimama. Kwa tarehe iliyoandikwa pale, siku ya kosa lililotajwa kijana alikuwa hajatimiza miaka 18. Kanuni ya Adhabu inasema mvulana wa miaka 18 au chini yake akitiwa hatiani kwa kosa la kwanza huadhibiwa kwa viboko tu. Juu ya hapo, ni miaka 30. Kati ya mustakabali huo na huo kulikuwa na mstari mmoja katika daftari la kanisa, na hakuna ofisa yeyote aliyekuwa ametumwa kulitazama. Katibu alipoandika cheti cha ubatizo na kukigonga muhuri, mama alikipokea kwa mikono miwili na kuomba akishike yeye mpaka mjini.

Sisemi kosa lile lilikuwa si kosa. Msichana wa shule aliyekatishwa masomo amepoteza kitu kikubwa, na sheria ina haki ya kumlinda. Lakini siwezi kusahau kwamba mwaka ule ule, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, baba angeweza kumwoza binti wa miaka 15 asiye shuleni kwa mzee wa kumzaa, na pasingekuwa na kesi. Mahakama ya Rufani ilithibitisha Oktoba 2019, katika shauri lililoanzishwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba.

Na wapo waliotenda, wakaniambia kwamba wametenda. Hilo ndilo ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini. Mteja akiniambia alifanya, siwezi kusimama na kuiambia mahakama kwamba alikuwa safarini, wala siwezi kumwita ndugu yake aje aseme hivyo. Mimi ni ofisa wa mahakama. Ninachoweza ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe shtaka lake pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi, na kumweleza mteja ukweli wa hali yake. Hapa sheria imejifunga mikono yenyewe kwa namna inayonisikitisha. Mtu huyu akikiri siku ya kwanza, akamwepusha mtoto na adha ya kusimama mahakamani, atapata miaka 30. Akikana mpaka mwisho, akamfanya mtoto asimulie yote mbele ya watu asiowajua, atapata miaka 30. Marekebisho ya 2019 yaliyoleta makubaliano ya kukiri kosa yaliyaacha nje makosa mazito ya kujamiiana na yale yanayohusu watoto. Naelewa nia yake. Bunge halikutaka mwenye fedha anunue nafuu, na nchi inayojua jinsi kesi hizi zinavyomalizwa nyumbani kwa ng'ombe wawili na katoni ya soda ina sababu ya kuogopa. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba karibu hakuna anayekiri, na mtoto hubaki kuwa njia pekee ya kuifikia hukumu.

Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapa hapa nchini, Arusha, iliamua katika shauri la Alex Thomas kwamba Tanzania ilipaswa kumpa wakili mtu aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lenye adhabu ya miaka 30, hata kama hakuomba. Sababu hizo zinamgusa kila anayekabiliwa na miaka hiyo kwa kosa lolote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 nayo inamtaka hakimu, akiona haki inadai hivyo na mshtakiwa hana uwezo, afanye mpango apate wakili. Kifungu ni kizuri. Wilayani mawakili ni wachache na mara nyingi hakuna wa kupangwa. Na Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake lililowaruhusu watu binafsi kupeleka malalamiko moja kwa moja katika mahakama ile ya Arusha, hivyo hata mlango huo ukafungwa kwa wanaokuja.

Mara chache kifungu cha 2017 hufanya kazi. Karani wa mahakama moja ya wilaya alinipigia kwamba hakimu ameomba wakili kwa kesi ya mtoto wa miaka tisa, mshtakiwa ni jirani. Nikaenda gerezani kumwona. Alikuwa amejiandaa, alitaka nimuulize mtoto kuhusu tabia za mama yake, wanaume wanaoingia pale nyumbani, nani alimfundisha. Nikamwambia, "Hayo sitauliza. Nitauliza taa ilikuwapo au haikuwapo, alimwona kwa muda gani, na alimtajia nani jina lako kwanza." Akasema basi sina msaada. Nikamwambia anaweza kunikataa na nitamweleza hakimu. Hakunikataa.

Siku ya kusikilizwa niliomba mtoto akae pembeni ya meza ya hakimu, asitazamane na kizimba. Mwendesha mashtaka alinitazama kwa mshangao, kwamba ombi lile limetoka upande wangu, kisha akaliunga mkono. Hakimu alimuuliza mtoto maswali mepesi, akapokea ahadi yake ya kusema kweli na kuiandika. Nilipopinga PF3 kusomwa na polisi, daktari aliitwa na akaja. Mama alitoa kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa. Dodoso langu kwa mtoto lilikuwa fupi, nikiwa nimekaa, kwa ruhusa ya hakimu. Alijibu yote. Alisema kulikuwa na mwanga wa kibatari chumbani.

Mteja wangu alitiwa hatiani, akataka kukata rufaa, na hiyo ni haki yake. Nilipokaa kuandika sababu, sikupata kasoro hata moja ya utaratibu ya kushika. Umri ulithibitishwa, daktari alihojiwa, ahadi iliandikwa. Nilibaki na hoja ya utambuzi tu: kama mwanga wa kibatari ulitosha kwa mtoto kumtambua jirani anayemjua, kwa vipimo vilivyowekwa katika shauri la Waziri Amani la 1980. Hiyo ndiyo hoja iliyosikilizwa Mahakama Kuu asubuhi nzima, na hakuna aliyebishana juu ya kingine. Jaji aliikataa, akaeleza kwa nini, umbali wa kibatari, muda, sauti aliyoisikia mtoto na jina alilomtajia mama yake usiku uleule. Mteja aliniambia kwa mara ya kwanza kwamba ameelewa kesi yake. Mama wa mtoto alikuwa benchi la nyuma, na yeye hakuhitaji kunifuata korido kuniuliza kilichosemwa.